Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu, 2025: Kura na Mabishano ya M*A*S*H

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asome taarifa kabla ya mweka hazina na kabla ya uchaguzi wa kamati. Hesabu mtazipata kwa mwenyewe. Mimi nitabaki kwenye shughuli iliyotukusanya: kutazama na kubishania M*A*S*H, vichekesho vya hospitali ya jeshi la Marekani katika Vita vya Korea, vilivyorushwa na CBS, mtandao wa televisheni wa Marekani, kuanzia tarehe 17 Septemba 1972 hadi tarehe 28 Februari 1983.

Nianze na tanzia. Tarehe 30 Mei mwaka huu alifariki Loretta Swit, Meja Margaret Houlihan wetu, akiwa na umri wa miaka 87. Yeye na Alan Alda, anayemcheza daktari Hawkeye Pierce, mhusika mkuu, ndio waigizaji pekee wanaoonekana katika kipindi cha kwanza kabisa na katika cha mwisho kabisa, na uhusika huo ulimpatia tuzo mbili za Emmy. Jioni ya kumkumbuka tulitazama "The Nurses" cha msimu wa 5. Margaret anawabana manesi wake mno, kisha mwishoni anawauliza kama kuna siku hata moja waliyomkaribisha kikombe cha kahawa. Anajibiwa kwamba walidhani angekataa. Anawaambia walikosea.

Ubishi ulianza hata kabla taa hazijawashwa. Upande mmoja ulisema Margaret wa mwanzo, yule wa kupiga kelele na kuvizia penzi na daktari Frank Burns, alichekesha zaidi, na kwamba waandishi walimlainisha. Upande wa pili ulisema yule wa mwanzo hakuwa mtu, alikuwa nusu ya mzaha ambao nusu yake nyingine ni Frank. Kamati iko na upande wa pili. Chukueni kipindi chochote cha misimu mitatu ya kwanza, mwondoeni Frank kwenye tukio, mwone Margaret anabaki na nini cha kufanya: kupiga saluti na kufoka. Baada ya Frank kuondoka ndipo anapata ndoa iliyovunjika, wauguzi anaowaongoza kwelikweli, na urafiki wa kuheshimiana na Hawkeye. Hata lile jina la utani la "Hot Lips" linazidi kutoweka kadiri misimu inavyosonga. Swit aliyasukuma mabadiliko hayo mwenyewe, na anastahili sifa yake.

Kanuni mpya za kura

Kanuni ya zamani ilikuwa kila mwanachama anaandika kipindi kimoja anachokipenda. Ilikuwa na kasoro inayojulikana: "Goodbye, Farewell and Amen" kinazoa kila kitu. Kipindi hicho cha mwisho kilichukua saa mbili na nusu hewani pamoja na matangazo, Alda alikiongoza mwenyewe, na usiku huo kilitazamwa na Wamarekani takriban milioni 106. Kukishindanisha na kipindi cha dakika 25 ni kuipeleka timu ya taifa ikacheze na timu ya mtaa.

Kwa hiyo mwaka huu tumefanya hivi. Kipindi cha mwisho kimewekwa kando, hakipigiwi kura. Kila mwanachama anaandika vipindi vitano kwa mpangilio. Cha kwanza kinapata alama 5, cha pili 4, hadi cha tano alama 1. Visizidi viwili kutoka msimu mmoja. Vyenye sehemu mbili, kama "Good-Bye Radar" na "Comrades in Arms", vinahesabiwa kimoja. Alama zikilingana, kinatangulia kile kilichowekwa namba moja na watu wengi zaidi.

Sharti la msimu mmoja lilipingwa sana, na ninaelewa kwa nini. Lakini bila sharti hilo anayependa msimu wa 4 anaandika vitano vyote vya msimu wa 4, na kura inageuka kuwa kura ya misimu. Kura ya misimu tunaweza kuipiga siku yoyote. Hii ilikuwa ya vipindi.

Karatasi zilizoleta taabu zaidi ni zile zisizotaja jina. "Kile cha Krismasi" hakitoshi. Kuna "Dear Dad" cha msimu wa 1, "Dear Sis" cha msimu wa 7, "Death Takes a Holiday" cha msimu wa 9 na "'Twas the Day After Christmas" cha msimu wa 10. "Kile cha barua" ni kibaya zaidi, maana karibu kila mtu kambini ameandika barua: Hawkeye kwa baba yake, Potter kwa mkewe, Padri Mulcahy kwa dada yake, hata Sidney Freedman, daktari wa akili, akamwandikia Sigmund Freud aliyekwisha kufa. Utaratibu sasa ni kwamba katibu anairudisha karatasi kwa mwenyewe airekebishe kabla ya saa ya kufunga. Ikishapita saa hiyo, haihesabiwi.

Katika mjadala wenyewe msemaji anapewa dakika tatu za kutetea na mbili za kujibu, na ni lazima ataje walau tukio moja kwa mpangilio wake: nani anaingia, nani anasema nini, linaishaje. Hatukuruhusu mtu atetee kipindi ambacho hakukitazama upya ndani ya mwaka. Sababu ni kwamba kumbukumbu huchanganya vipindi. Mara kwa mara mtu husifu tukio zuri kutoka kipindi kimoja na kulibandika kwenye kingine, na nusu saa inapotea kwa kutafuta kitu ambacho hakipo.

Wahusika: tuliwapigia kura kwa viti

Kuuliza "nani unampenda zaidi" kulikuwa kunamfaidi Hawkeye kila mwaka, kwa sababu ya wazi: Alda yumo katika vipindi vyote. Mwaka huu Hawkeye tumemtoa kwenye shindano. Badala yake tumewapambanisha waliokalia kiti kimoja kwa nyakati tofauti. Mpango huu uliwezekana kwa sababu kazi yenyewe ilibadilisha watu: McLean Stevenson (Henry Blake) na Wayne Rogers (Trapper John) waliondoka baada ya msimu wa 3, Larry Linville (Frank Burns) baada ya msimu wa 5, na Gary Burghoff (Radar) katika msimu wa 8.

Kiti cha karani hakikuchukua muda. Radar alimshinda Klinger, na hata watetezi wa Klinger hawakukaza sana. Klinger wa magauni, anayeyavaa ili aondolewe jeshini, ni mzaha mmoja uliovutwa kwa miaka, ingawa Jamie Farr aliuvuta kwa ustadi. Akishavua gauni na kushika meza ya Radar anakuwa mtu wa maana, lakini anakuwa pia karani anayefananishwa na karani aliyemtangulia. Wapo waliotaja hatima yake katika kipindi cha mwisho: aliyehangaika miaka yote atoke Korea ndiye anayeamua kubaki, kwa ajili ya Soon-Lee, mwanamke Mkorea anayempenda. Hoja nzuri, ila kipindi hicho kimewekwa kando. Kwa wasiojua: Alda na Farr wote wawili waliwahi kutumikia jeshi la Marekani huko Korea baada ya vita, na vile vibati vya shingoni anavyovaa Klinger ni vya Farr mwenyewe.

Kiti cha kamanda kiligawanya watu kwa umri wa kuanza kutazama. Walioanza na misimu ya mwanzo wako na Henry Blake, yule daktari wa kiraia aliyevalishwa ukanali, mwenye kofia ya kuvulia samaki, anayesaini karatasi bila kuzisoma. Walioanza baadaye wako na Sherman Potter, askari wa kazi aliyeanza na farasi katika Vita Kuu ya Kwanza. Potter alishinda. Kamati inaona hukumu hiyo ni ya haki kwa ukamanda lakini si kwa vichekesho. Henry akisimama mbele ya askari wake kutoa hotuba, kichekesho kinajileta chenyewe, kwa sababu hakuna anayemsikiliza na yeye mwenyewe anajua. Potter akisimama, watu wananyamaza, na waandishi inabidi watafute kichekesho pengine. Kuna aliyeandika "Jenerali Steele" kwenye kiti hiki. Ni kweli Harry Morgan alicheza kwanza kama jenerali huyo kichaa katika "The General Flipped at Dawn", kipindi cha kufungulia msimu wa 3, mwaka mmoja kabla ya kurudi kama Potter. Lakini Steele hakuwahi kuiongoza 4077, yaani hospitali yao, kwa hiyo kura hiyo ilifutwa.

Kiti cha mwenzi wa hemani, kati ya Trapper John na B.J. Hunnicutt, kilikwenda kwa B.J. Trapper ana bahati mbaya ya kuondoka bila kuagwa: Rogers alikatisha mkataba, na hadithi ikabidi imfanye Hawkeye afike uwanja wa ndege wa Kimpo akiwa amechelewa kwa dakika kumi. Wanaompenda Trapper walisema sawasawa kwamba yeye na Hawkeye ni watundu wawili wa aina moja, ndiyo maana mtambo wao wa gongo hemani unanoga. Waliompinga walisema hiyohiyo ndiyo kasoro: wawili wa aina moja, mistari yao unaweza kuibadilishana na usigundue. B.J. ana mke, Peg, na binti, Erin, na kitu cha kupoteza. Tukio lililomaliza ubishi ni lile la "Period of Adjustment" katika msimu wa 8: anapata habari kwamba Erin alimwona Radar amevaa sare akamwita baba. Analewa, anauvunja mtambo wa gongo, anampiga Hawkeye ngumi. Trapper hakuwahi kuandikiwa tukio la namna hiyo, na si kosa la Rogers.

Nimeacha kiti cha mpinzani hadi mwisho kwa sababu ndipo penye nyama. Frank Burns au Charles Emerson Winchester?

Hoja ya Frank ni ya ufundi. Kichekesho cha kambini kinahitaji mtu ambaye tukimfanyia hila hatumwonei huruma, na Linville alimfanya Frank hivyo bila kubakiza kitu: mwoga, mnafiki, mbinafsi, na daktari hafifu juu ya yote. Wanaomjua Linville walimtaja kama mtu mpole na msomi, jambo linaloongeza heshima kwa kazi yake. Lakini ufundi huo ndio uliomfunga. Frank hawezi kujifunza. Akijifunza hayupo tena. Mwisho wa msimu wa 5 Margaret anaolewa, na msimu unaofuata tunaambiwa tu kwamba Frank alirukwa na akili akiwa mapumzikoni, akarudishwa Marekani na kupandishwa cheo kuwa luteni kanali. Kupandishwa cheo kule ndiyo dhihaka ya mwisho juu ya jeshi, na ni nzuri mno kwa mhusika asiyeonekana hata kwenye skrini.

Winchester alijengwa kwa hesabu iliyo kinyume. Anaingia katika "Fade Out, Fade In", kipindi cha saa nzima kilichofungua msimu wa 6, na jambo la kwanza tunaloonyeshwa ni kwamba ni daktari bingwa, pengine kuliko Hawkeye. Tatizo lake ni kasi: amezoea operesheni moja nadhifu ya Boston, na hapa wanaletwa majeruhi kwa makumi. Kwa hiyo hila zikimpata zinampata mtu anayeweza kulipiza, na David Ogden Stiers alilipiza kwa maneno marefu yaliyopangika.

Tukio lililotajwa na wasemaji wengi zaidi kuliko lolote mwaka huu ni la Winchester, katika "Death Takes a Holiday". Ni mila ya familia yake kutoa zawadi ya Krismasi kwa siri, hivyo usiku anapeleka chokoleti za thamani kwenye kituo cha watoto yatima. Kesho yake anagundua chokoleti ziko kwenye soko la magendo. Anamvamia msimamizi wa kituo, mzee Choi, kwa hasira. Mzee anakiri, kisha anaeleza: chokoleti ingewafurahisha watoto dakika chache, lakini kwa kuiuza amepata mchele na kabichi za kuwalisha mwezi mzima. Winchester anatulia, anaomba radhi, na kusema kwamba ni kosa kumpa kitindamlo mtoto ambaye hajala chakula. Klinger amesikia yote. Baadaye anamletea Winchester sahani ya mabaki ya karamu, kama zawadi ya siri. Wawili hao, ambao kwa miaka wameitana kwa vyeo na matusi, wanatakiana heri ya Krismasi kwa majina: Max na Charles. Mike Farrell, yaani B.J., ndiye aliyekiongoza kipindi hicho, na kisa chake mwenyewe kinaendelea sambamba na hiki: madaktari wanajaribu kumweka hai askari hadi usiku wa manane upite, ili watoto wake wasikumbuke Krismasi kama siku ya kifo cha baba yao.

Winchester alishinda kiti. Mimi nilimpigia kura Frank, na bado naona misimu 1 hadi 5 inachekesha zaidi kwa sababu yake.

Vipindi vitano

Mpangilio wa kura ni huu: "Abyssinia, Henry" cha kwanza, "Death Takes a Holiday" cha pili, "Sometimes You Hear the Bullet" cha tatu, "Point of View" cha nne, "Tuttle" cha tano. Jedwali la alama analo katibu, mwombeni.

Cha kwanza hakikushangaza. Kilirushwa tarehe 18 Machi 1975. Kwa dakika zaidi ya ishirini tunamuaga Henry: pombe, hotuba, suti mpya, helikopta inapaa. Kisha chumba cha upasuaji. Radar anaingia bila barakoa, anaambiwa avae, havai. Anasoma: ndege ya Henry Blake imetunguliwa juu ya Bahari ya Japani, hakuna aliyepona. Waigizaji karibu wote hawakupewa ukurasa huo hadi siku ya kupiga picha. Msikilize kwa makini baada ya Radar kumaliza: kuna chombo kinaanguka sakafuni. Hakikupangwa. Mtu alikidondosha, nao wakakiacha, na sauti hiyo ndiyo pekee inayojibu habari ile.

"Tuttle" ndicho pekee cha kuchekesha mwanzo hadi mwisho kilichoingia. Hawkeye anabuni kapteni asiyekuwepo ili mali za jeshi ziende kwa watoto yatima. Jenerali anataka kumvisha nishani. Basi inabidi Tuttle afe, na anauawa kwa kuruka kutoka kwenye helikopta akiwa amesahau parashuti. Kila afisa anayeulizwa anadai kumfahamu vizuri. Mzaha ni huo mmoja, na haulegei.

Malalamiko ya kamati: "O.R." cha msimu wa 3 na "Life Time" cha msimu wa 8 havikufika hata karibu. Cha pili hasa. Majeruhi amechanika aota, mshipa mkuu wa damu. Madaktari wana dakika ishirini kabla hajapooza miguu, na saa inakwenda kwenye kona ya skrini wakati wote. Kipindi kinachukua muda uleule ambao operesheni ingechukua. Kinahitajika kipande cha mshipa, na anayeweza kukitoa ni askari mwingine aliyeumia kichwa, ambaye hajafa bado. Alda alikiandika pamoja na Walter Dishell, daktari aliyekuwa mshauri wa kipindi. Wanachama wetu walio manesi na maofisa tabibu waliandaa maelezo mafupi kabla ya kutazama, na hapo ndipo wengi walielewa kwamba kushona mishipa ya damu lilikuwa jambo jipya katika vita ile halisi. Katika Vita Kuu ya Pili, ateri kubwa ikipasuka ilifungwa tu, na karibu nusu ya majeruhi hao walikatwa kiungo. Korea, madaktari walipoanza kuishona, ikashuka hadi kama asilimia 13. Maelezo hayo yabaki utaratibu wetu: dakika tano, mtu mmoja, hakuna picha za damu.

Kalenda haitengenezeki

Kila mwaka kuna anayejitolea kupanga vipindi kwa tarehe za vita. Kamati imeamua kutopokea tena jedwali la namna hiyo, na sababu ni hizi. Vita vilianza tarehe 25 Juni 1950 na mkataba wa kusitisha mapigano ulitiwa saini tarehe 27 Julai 1953. Misimu 11 imebanwa katika miaka mitatu na mwezi. Hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni kwamba "Change of Command" kinataja kuwa Potter aliwasili tarehe 19 Septemba 1952, halafu "A War for All Seasons" cha msimu wa 9 kinapita mwaka wote wa 1951, mkesha hadi mkesha, Potter akiwa kamanda. Hakuna mpangilio unaoviokoa vyote viwili.

Familia nazo zina kasoro zake. Katika msimu wa 1 Hawkeye anataja mama na dada. Baadaye ni mtoto pekee na mama alifariki zamani. Mke wa Henry anaitwa Mildred mwanzoni, kisha Lorraine, na jina la Mildred linakuja kupewa mke wa Potter. Yote haya yanaeleweka ukikumbuka kwamba vipindi viliandikwa na watu wengi, vikarushwa mara moja kwa wiki, na hakuna aliyetarajia mtu avitazame kwa mfululizo na kalamu mkononi. Tutatumia mpangilio wa kurushwa hewani, basi.

Idadi nayo imezua ugomvi usio na sababu. Anayesema 251 na anayesema 256 wote wako sawa: vipindi vitano vya saa nzima, kama "Bug Out" na "Our Finest Hour", vinahesabiwa kimoja kimoja au viwili viwili.

Nakala tunazotazama

Mabishano mengi ya mwaka huu hayakuwa ya ladha, yalikuwa ya nakala. Wanachama wawili wanatazama kipindi kimoja lakini hawaoni kitu kimoja, na kuna sababu tatu.

Ya kwanza ni kukatwa. Kipindi kilipotoka kilikuwa na dakika 25 na ushei. Vituo vilivyorudia baadaye vilikipunguza hadi kama 22 ili matangazo yaingie, na kinachokatwa kwa kawaida ni tukio fupi la mwisho au kisa kidogo cha pembeni. Ukiona nakala ya dakika 22, usibishane kwamba tukio halipo.

Ya pili ni kasi. Diski zilizotengenezwa kwa mfumo wa PAL, zikiwamo za Uingereza, zinaendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24 za filamu. Kipindi cha dakika 25 na nusu kinaisha karibu dakika nzima mapema, na sauti zinapanda kidogo. Hakuna kilichokatwa hapo. Ukitaka kujua kama nakala imekatwa au imeharakishwa, linganisha muda wa wimbo wa kufungulia: ukiwa mfupi kwa sekunde mbili tatu, ni PAL, ukiwa sawa na kipindi ni kifupi, kimekatwa.

Ya tatu ni vicheko vya kurekodiwa. Larry Gelbart na Gene Reynolds, waliokianzisha na kukitayarisha kipindi, hawakuvitaka, CBS ilivilazimisha, wakakubaliana visisikike ndani ya chumba cha upasuaji. Vipindi kadhaa, kama "O.R." na "The Bus", havina kabisa. BBC ilipokirusha Uingereza ilivitoa. Diski za DVD zina chaguo la sauti bila vicheko, lipo kwenye menyu ya lugha. Tulijaribu kutazama kipindi kilekile kwa namna zote mbili. Misimu ya mwanzo bila vicheko inakuwa na ukimya wa ajabu baada ya kila mzaha, kwa sababu waigizaji waliacha nafasi. Misimu ya mwisho inapendeza zaidi bila vicheko. Pendekezo la kamati: misimu 1 na 2 na vicheko, 3 hadi 11 bila.

Wanaonunua diski waangalie namba ya kanda nyuma ya kasha. Marekani ni Kanda 1, Uingereza Kanda 2, na Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo ziko Kanda 5. Deki ya kawaida ya Kanda 5 itaikataa diski ya Marekani. Nunueni deki inayosoma kanda zote kabla ya kununua diski, msifanye kinyume chake.

Mwaka ujao

Kamati inapendekeza mambo matatu. Kura ya wahusika wa pembeni peke yao, maana Kanali Flagg, Sidney Freedman na nesi Kellye hawajawahi kupata jioni yao. Jioni moja ya vita yenyewe, nje ya vichekesho, pamoja na habari za kikosi cha Kagnew ambacho Ethiopia ilikipeleka Korea na kikapigana pamoja na Divisheni ya 7 ya Marekani. Tumeshampata mwanachama wa kuiandaa. Na kutazama kipindi cha mwisho kwa ukamilifu, bila kukigawa, kukiwa na mapumziko mara moja tu, baada ya Hawkeye kumweleza Sidney ukweli wa kilichotokea kwenye basi.

Wenye mapendekezo ya kubadili kanuni za kura wayaandike na kumpa katibu siku 14 kabla ya mkutano wa kwanza wa mwaka, yakiwa na jina la kipindi na namba ya msimu kwa kila mfano wanaoutaja.